Kilomita 11,800, Lakini Saa Ngapi?

Anayeshika tiketi ya Nairobi hadi New York kwa mara ya kwanza hukutana na hesabu inayokataa kukaa sawa. Kenya Airways ilipoanza safari zake za moja kwa moja kati ya miji hiyo, tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba iliyotangazwa ilionyesha ndege ikiondoka Uwanja wa Jomo Kenyatta, Embakasi, saa 23:25 na kutua uwanja wa JFK saa 06:25 ya siku ya pili yake. Ukitoa, unapata saa saba. Saa saba kutoka Embakasi hadi ng'ambo ya Atlantiki, wakati basi la usiku la Nairobi kwenda Kampala halifiki kwa muda huo!

Safari yenyewe huchukua karibu saa 15. Zile nane zilizokosekana kwenye karatasi zimefichwa na majira ya dunia: Nairobi imeitangulia New York kwa saa nane katika miezi ya baridi, na kwa saa saba Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele katika miezi ya joto. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mahali pale pale ndege inapoondokea au kutua. Kutoa moja kwa nyingine bila kurekebisha majira ni kutoa shilingi kwenye dola.

Msomaji wa Kiswahili ana mtego wa pili. Saa 23:25 ya tiketi ni saa tano na dakika 25 usiku, na 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Hilo wengi wamelizoea. Kinachowaponza watu ni ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema tarehe 15, saa 00:40, maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Anayefika jioni ya tarehe 15 na mabegi yake, ndugu zake wakimsindikiza, huambiwa kwenye kaunta kwamba ndege yake iliondoka usiku wa kuamkia leo.

Turudi kwenye ile ya New York, maana ina jambo moja la ajabu. Abiria akiondoka Nairobi usiku wa Desemba, ndege inaelekea magharibi, upande ule ule giza linakoelekea. Jua limezama Nairobi kabla ya saa moja jioni. Ndege inakatiza Sahara gizani, inakatiza bahari gizani, na inatua New York kabla hakujapambazuka, kwa kuwa Desemba jua la kule huchomoza baada ya saa moja asubuhi. Kwa saa ya mkononi aliyotoka nayo nyumbani, abiria huyo ameishi usiku mmoja wa zaidi ya saa 20.

Umbali ni sehemu iliyo rahisi. Kati ya viwanja hivyo viwili kuna kilomita 11,800 na ushei. Wamarekani watasema maili 7,360 hivi. Marubani watasema 6,390 hivi, na wote watakuwa sahihi. Maili ya barabarani ina mita 1,609. Maili ya baharini, ambayo ndege ziliirithi kutoka kwa meli, ina mita 1,852. Kwa hiyo anayelinganisha takwimu za vyanzo viwili na kukuta tofauti ya maili karibu elfu moja, aangalie kwanza ni maili gani inayozungumzwa kabla hajamshuku mtu kwa uongo.

Umbali huo hupimwa juu ya mgongo wa dunia, na dunia ni duara. Hapo ndipo ramani ya ukutani inapowadanganya watu. Chukua ramani ile ya kawaida ya darasani, weka rula kutoka Nairobi hadi New York: mstari wako utatoka Afrika kwenye pwani ya Mauritania. Sasa chukua tufe, bana uzi kwa kidole pale Nairobi, uvute ukakamae hadi New York. Uzi utakataa kufuata njia ya rula. Utapita karibu na Eldoret, ubavuni mwa Mlima Elgon, juu ya kaskazini ya Uganda, uingie Sudan Kusini, uguse pembe ya Sudan, ukate Chad, Niger na Algeria, utokee baharini kwenye pwani ya Morocco, kisha upite katika visiwa vya Azores vya Ureno. Utapanda hata kaskazini kuliko New York yenyewe, hadi kwenye latitudo ya 42 hivi, halafu ushuke kidogo kuelekea mjini. Njia ya rula inayoonekana fupi kwenye karatasi ni ndefu kuliko ya uzi kwa zaidi ya kilomita 300.

Hivyo ndivyo zinavyopatikana namba zote za "umbali kati ya mji fulani na mji fulani": mtu huchukua latitudo na longitudo za pointi mbili, akazitia kwenye kanuni ya hesabu ya duara, ikatema kilomita. Dunia si duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha zake, kiasi kwamba kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi kile cha ncha kwa ncha kwa kilomita 43. Ndiyo sababu wapimaji wawili wanaweza kutofautiana kwa kilomita chache bila yeyote kati yao kukosea.

Mstari wa uzi pia unasaidia kuamua njia ya kupitia. Kabla ya 2018, Mkenya wa New Jersey aliyekuwa akija nyumbani Krismasi hakuwa na budi kubadilisha ndege mahali. Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,680 hivi, na Amsterdam hadi New York ni 5,850 hivi. Jumla ni karibu kilomita 12,500, yaani nyongeza ya kilomita 700 tu juu ya njia ya moja kwa moja. Nyongeza hiyo ni ndogo kuliko umbali wa Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege. Akipitia Dubai, hesabu inageuka kabisa: kilomita 3,560 kwenda mashariki kwanza, halafu 11,000 kurudi magharibi, jumla zaidi ya 14,500. Tiketi ya Dubai inaweza kuwa nafuu, na maduka yake yana watu wanaoyapenda, lakini kwa kilomita abiria huyo amelipia safari ya ziada inayokaribia ya Nairobi hadi Johannesburg. Aliyepitia Amsterdam kilichomchosha hakikuwa umbali. Kilichomchosha ni kukaa kwenye kiti cha chuma akisubiri ndege ya pili.

Sasa muda, ambao ndio wenye vituko.

Vikokotoo vingi vinavyotoa "muda wa kuruka" kati ya miji miwili havijui lolote kuhusu ndege. Vinachukua umbali, vinagawanya kwa mwendo uliochaguliwa, tuseme kilomita 800 au 900 kwa saa, na pengine vinaongeza nusu saa ya kupanda na kushuka. Kwa Nairobi na New York, ukigawanya kwa 800 na kuongeza nusu saa unapata saa 15 na dakika 18, jibu linalokaribia sana ukweli. Lakini kikokotoo hicho hicho kitakupa saa 15 na dakika 18 za kurudi pia, na hapo kinaumbuka, kwa sababu ndege hiyo hiyo, ya aina ya Boeing 787, hurudi Nairobi kwa muda wa saa 14 hivi.

Barazani watu wana maelezo yao: dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo anayeruka kwenda magharibi mji unamkimbia, na anayeruka kwenda mashariki... hapo hoja hujikwaa, maana huyo naye mji unamkimbia. Kweli, pale ikweta ardhi inakwenda kwa kilomita zipatazo 1,670 kwa saa. Lakini hewa nayo inakwenda pamoja na ardhi, na ndege huogelea ndani ya hewa. Kama isingekuwa hivyo, helikopta ingepaa Nairobi, ikae palepale hewani kwa muda wa saa moja hivi, ishuke ndani kabisa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Sababu ya kweli ni upepo, na watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hili na mtu. Kwa karne nyingi umbali wa Muscat hadi Zanzibar haukubadilika, karibu kilomita 3,900 kwa mstari wa uzi. Ila hakuna nahodha aliyeijibu safari hiyo kwa kilomita. Aliijibu kwa msimu. Kaskazi ikianza kuvuma kuelekea mwisho wa mwaka, majahazi ya Arabuni yalishuka kuja Afrika Mashariki. Kusi ikishika baada ya masika, yakapanda kurudi. Aliyechelewa kaskazi hakuchelewa kwa siku mbili tatu, alichelewa kwa miezi. Pepo za omo, zinazokabili chombo usoni, zilikuwa sababu tosha ya kukaa bandarini na kuozesha binti. Leo ndege ya Muscat hadi Zanzibar ni safari ya saa tano na kitu, na kaskazi haiizuii kuondoka. Lakini rubani bado anaanza kazi kwa swali la nahodha: leo upepo ukoje?

Juu kule, kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mito ya upepo inayotiririka kutoka magharibi kwenda mashariki katika latitudo za Ulaya, Japani na Amerika ya Kaskazini. Mjapani Wasaburo Ooishi aliigundua katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo ya kupimia hali ya hewa na kuyafuatilia kwa darubini. Alitaka dunia nzima imsome, basi akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili iwe ya watu wote. Matokeo yake, karibu hakuna aliyemsoma. Marubani wa Kimarekani waliopaa juu ya Japani mwaka 1944 waliukuta upepo huo kama jambo jipya, ndege zao zikisukumwa hovyo mbali na shabaha.

Mito hiyo inaweza kwenda kasi inayopita kilomita 300 kwa saa wakati wa baridi. Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina la Ciara ikivuma juu ya Atlantiki, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa muda wa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa sita. Kwa kipimo cha ardhini ndege hiyo ilifikia zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Mtu anaweza kudhani ilivunja mwendo wa sauti. Haikuuvunja: ndani ya hewa iliyokuwa imeibeba ilikuwa ikienda mwendo wake wa siku zote.

Njia ya Nairobi na New York hukutana na upepo huo katika nusu yake ya kaskazini, juu ya bahari. Fanya hesabu ndogo. Boeing 787 huenda kilomita 900 hivi kwa saa ndani ya hewa. Upepo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa ukiipiga usoni njia nzima, kilomita 11,840 zitachukua karibu saa 14. Upepo huo huo ukiisukuma kwa nyuma, saa 12 na nusu. Hiyo ni tofauti ya karibu saa moja na nusu, na bado hatujahesabu muda wa kutembea uwanjani, kupanda, kushuka na kupinda njia. Ndiyo maana wapanga safari mara nyingine huichagua njia iliyo ndefu kwa kilomita na fupi kwa dakika: huukwepa mto wa upepo wakienda, huutafuta wakirudi. Usiku mmoja ndege hupita juu ya Azores, usiku mwingine mbali nazo.

Nairobi ina tatizo lake jingine, na hilo hulioni kwenye kikokotoo chochote. Uwanja wake uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, injini hupumua kidogo kuliko zingepumua Mombasa, na mabawa hupata mahali pachache pa kushikia. Ndege nzito inahitaji kukimbia zaidi kabla haijainuka. Njia ya kurukia ya Jomo Kenyatta inazidi kilomita nne, na urefu huo si anasa. Joto huzidisha tabu, maana hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Kuondoka usiku, baridi ya Nairobi ikiwa imetulia, kunaipa ndege iliyoshiba mafuta nafasi nzuri kuliko kuondoka jua la saa nane mchana.

Na kushiba ndiko kwenyewe. Kenya Airways ilipotangaza safari ya New York ilisema kila upande ungehitaji tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu 12, katika ndege ya viti 234. Marubani ni wanne kwa sababu hakuna sheria inayomruhusu binadamu kukaa kwenye usukani saa 15. Hupokezana, wawili wakilala kwenye vitanda vidogo vilivyofichwa juu ya dari. Mafuta nayo si ya kufika tu. Kanuni za kimataifa zinadai ndege ya jeti ifike na akiba ya kuzunguka nusu saa juu ya uwanja, mbali na yale ya kukimbilia uwanja mwingine ikiwa New York imefungwa na theluji. Sehemu ya mafuta huchomwa kwa kazi ya kubeba mafuta yenyewe, na ndiyo sababu safari ndefu kupita kiasi hugeuka mzigo kwa mashirika.

Hata kabla ya mafuta kulikuwa na karatasi. Hakuna shirika la Kenya lililoweza kuruka moja kwa moja kwenda Marekani mpaka mamlaka ya anga ya Marekani iipandishe Kenya daraja la kwanza la usalama, jambo lililofanyika Februari 2017. Kilomita zilikuwa zile zile miaka yote hiyo. Kilichokuwa kimezuia safari ni muhuri.

Siasa huurefusha mstari wa uzi kuliko upepo unavyoweza. Mwaka 1963 nchi nyingi za Afrika zilipoifungia anga South African Airways kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, ndege za Johannesburg kwenda Ulaya zililazimika kuzunguka tumbo lote la Afrika upande wa Atlantiki na kutua kisiwa cha Sal, Cape Verde, kujaza mafuta. Shirika hilo liliishia kununua Boeing 747SP, ndege fupi nene iliyoundwa kwa safari ndefu. Ya kwanza kuletwa, Machi 1976, iliruka kutoka kiwandani karibu na Seattle hadi Cape Town bila kutua: kilomita 16,560 kwa muda wa saa 17 na dakika 22. Mzunguko wote ule wa Atlantiki ulikuwa bei ya ubaguzi, ikilipwa kwa mafuta.

Waswahili wa Ghuba wameionja hali hiyo karibuni zaidi. Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilipoigomea Qatar, ndege za Doha kuja Afrika hazikuweza tena kukatiza Saudi Arabia. Zilitoka kwa kupitia anga ya Iran, zikashuka upande wa Oman, ndipo zikashika njia ya kusini, hadi mgomo ulipokwisha Januari 2021. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya wengine. Urusi na nchi za Ulaya zilipofungiana anga, Finnair, ambayo biashara yake ilijengwa juu ya njia ya mkato ya Siberia, ikajikuta inakwenda Tokyo kutoka Helsinki kwa kuzungukia ncha ya kaskazini, na safari iliyokuwa ya saa tisa na kitu ikawa ya saa 13 hivi. Na tangu vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, ndege zilizozoea kuivuka Sudan kati ya Ulaya na Afrika Mashariki zimekuwa zikiizunguka. Abiria huuona mzunguko huo kwenye skrini ya kiti cha mbele: kijindege kinakwenda, kinapinda, kinaacha nafasi kubwa tupu pembeni.

Ikumbukwe kwamba ndege za leo haziendi kasi kuliko za babu. Boeing 707 iliyoanza kubeba abiria mwaka 1958 ilikuwa na mwendo usiotofautiana sana na wa 787. Iliyokuwa na kasi ya kweli, Concorde, iliwahi kutoka New York hadi London kwa saa tatu kasoro dakika saba, Februari 1996, kisha ikastaafishwa mwaka 2003. Ilikunywa mafuta mno. Tulichopata katika nusu karne ni kutotua njiani. Februari 1931 Imperial Airways ilipoanza huduma ya kila wiki ya London hadi Mwanza, barua ilichukua siku kumi hivi kufika, ikibadilishwa ndege na kulala njiani. Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti ya abiria, Comet ya BOAC, ilitoka London kwenda Johannesburg kupitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika kabla ya siku kamili kwisha, na dunia ikashangaa. Leo njia hiyo ni ya saa 11 bila kutua. Comet ilipokuwa hewani haikuwa goigoi hivyo. Vituo navyo vilikula sehemu ya muda.

Safari fupi huugeuza mchezo wote. Kati ya Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na ule wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, kuna kilomita 73 hivi. Ndege ya jeti kwa mwendo wake wa angani ingezimaliza kwa dakika tano, lakini haipati nafasi ya kuufikia mwendo huo. Inapanda, na kabla haijamaliza kupanda inaanza kushuka. Ndiyo maana Cessna Caravan ya watu 12, inayokwenda kilomita 300 tu kwa saa, haiachwi mbali na dude la viti 130. Zote huchukua robo saa hadi dakika 20 hewani. Mwenye kiti cha kushoto akienda Zanzibar huitazama pwani ya Bagamoyo ikipungua, na mara mhudumu au rubani mwenyewe anageuka kuangalia kama mikanda imefungwa kwa ajili ya kutua.

Ratiba lakini huenda ikaandika nusu saa au zaidi. Muda wa kwenye ratiba hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoachana na lami. Unahesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka kwenye maegesho hadi inaposimama na kuzima injini mwisho wa safari, na ndani yake kuna foleni ya kuruka, kutembea uwanjani, na dakika za tahadhari ambazo shirika limejiwekea. Marekani, kwa mfano, huihesabu ndege kuwa imewahi ikifika ndani ya dakika 15 za ratiba, kwa hiyo kuongeza kidogo kwenye ratiba ni njia rahisi ya kuonekana mwaminifu. Rubani anapotangaza kwa furaha kwamba "tumefika dakika 20 kabla ya wakati", mara nyingi wakati wenyewe ulikuwa na ukarimu ndani yake.

Huko Scotland, katika visiwa vya Orkney, Loganair huruka kati ya Westray na Papa Westray, kilomita 2.7, safari iliyoandikwa dakika mbili kwenye ratiba na iliyowahi kumalizika kwa sekunde 53. Upande wa pili wa kipimo yuko abiria wa Singapore hadi New York, kilomita zaidi ya 15,300, saa 18 na zaidi kitini.

Kwa mtu wa Kariakoo, Dar es Salaam, anayekwenda Darajani, Zanzibar, hesabu inayomhusu ni ya mlango kwa mlango. Boti ya kasi huchukua karibu saa mbili, lakini gati liko mjini pande zote mbili. Ndege huchukua dakika 20, na kabla yake kuna barabara ya Nyerere na foleni yake, ukaguzi, kusubiri, kisha teksi au daladala ya kutoka Kiembesamaki kuingia mjini. Nairobi na Mombasa ni hivyo hivyo: kilomita 420 hivi kwa ndege, ratiba ya saa moja, dhidi ya treni ya SGR ya saa tano au sita iliyoanza kazi mwaka 2017. Ila pale treni yenyewe ina kasoro ya ndege: kituo cha Syokimau kiko mbali na katikati ya Nairobi, na cha Miritini kiko nje ya kisiwa cha Mombasa, na ukaguzi wa mizigo kabla ya kupanda huanza mapema kiasi kwamba wenyeji huondoka nyumbani kana kwamba wanakwenda Embakasi.